Wali wa Hitima Yangu

Watu wa kwetu Tumbatu walikula wali wa hitima yangu nikiwa hai. Walinisalia sala ya ghaibu, ya maiti asiyepatikana, wakamchinja mbuzi wa mjomba wangu, wakapika wali wa nazi, wakala wakashiba, kisha nguo zangu zikagawiwa sadaka. Siwalaumu. Ilikuwa wakati wa vita, na habari zilizofika bandarini Unguja zilisema meli yetu imezama na wote waliokuwamo. Mtu wa Tumbatu hana haja ya kuonyeshwa maiti ndipo aamini kwamba bahari imechukua. Lakini niliporudi na kuyasikia hayo nilikasirika, na kwa miaka mingi, kila nilipokutana mjini na mtu wa kwetu, kabla hajaniuliza hali nilimuuliza mimi: "Na wewe uliula wali wangu?"

Wengine walicheka. Wengine waliona haya wakatazama chini. Mvuvi mmoja, mtu asiyejua kupamba maneno, alinijibu pale pale sokoni Darajani: "Nliula, tena ulikuwa mzuri. Ila mchuzi ulizidi chumvi."

Nayaandika haya kwa kuinuka na kukaa. Naandika mistari michache, nainuka, nazunguka chumba, nachungulia dirishani, narudi. Wajukuu wameshazoea. Msomaji naye anivumilie.

Nilikuwa mtia makaa. Sikuwa baharia wa juu, anayeona anga na nchi za watu. Nilikuwa wa chini kabisa, penye tanuri, ambako joto halijui usiku wala mchana. Vijana wenzangu walinicheka, eti mtu aliyekulia kwenye mitumbwi anakwenda baharini kutazama moto. Nilitaka kuiona Bombay, basi. Nyambizi ya adui ikatupiga kabla sijaichoka kazi. Nilikuwa nimepanda juu kidogo kupunga upepo, na hiyo ndiyo sababu ninaishi. Waliokuwa chini zamu ile hawakupata hata nafasi ya kushangaa.

Tuliobaki tuliingia kwenye mashua ya kuokolea. Serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia, Mhindi mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alilichukua pipa la maji ya kunywa akalikalia. Alitugawia kwa mfuniko wa mkebe wa sigara, asubuhi na jioni, kisha asubuhi peke yake, kisha ikawa analowesha kidole cha kila mtu tu. Tulimchukia. Leo namwombea dua, maana kama si ubahili wake nisingekuwapo. Mashua ilikuwa imedidimia kwa wingi wetu, na maji ya bahari yalikuwa pale pale kando ya kiwiko, yanameremeta mchana kutwa, mengi, safi, na hatuwezi kuyanywa. Mwenzangu wa zamu, kijana wa Lamu, alianza kuniambia kwamba hayana chumvi. Aliniambia kwa upole, kama anayenielekeza njia: "Onja, madafu haya." Nilimshika mkono lakini nguvu sikuwa nazo. Akanywa, akacheka, akanywa tena. Kabla ya siku kwisha tulikuwa tumemteremsha majini, na serahangi akamsomea alichokijua.

Mawimbi sikuyaogopa wakati ule, na siyaogopi sasa. Ninachokiogopa ni maji yaliyo karibu na kiwiko.

Meli ya watu wengine ilituokota tukiwa hatusemi. Nikapelekwa hospitali Bombay, mji niliotamani kuuona, nikauona kwa upande wa dari. Miguu yangu ilikuwa imekaa ndani ya maji ya mashua muda mrefu mno. Ngozi ilitoka yenyewe kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na vidole vingine vya mguu wa kushoto vikakatwa. Nilituma salamu nyumbani kwa baharia aliyekuwa anakwenda Unguja, wala sijui alifia wapi na salamu zangu. Kupona kulichukua muda, kidonda kikifunga huku kikifunguka kule, mpaka vita vikaisha na mimi bado natembelea magongo. Nilipopata meli ya kunirudisha nilipanda bila wasiwasi. Ilikuwa meli kubwa, yenye kuta ndefu, na mtu akitaka anaweza kukaa ndani asiyaone maji mpaka afike. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nikateremka Malindi, bandarini Unguja mjini, nikijidhania mzima.

Aliyenipokea ni mtoto wa mjomba wangu, ambaye alikuwa na mashua yake ya kuvusha watu na mizigo baina ya Mkokotoni na Tumbatu. Alilia, akanishika kichwa, akanishika mabega, kisha akanisimulia habari ya hitima kwa haraka haraka, ili nisiisikie kwa mwingine. Siku ya pili tukapanda gari la shamba mpaka Mkokotoni. Tumbatu ipo mbele yako ukisimama pale pwani. Unaiona minazi yake, unauona moshi wa majiko, na siku ya utulivu unaweza kusikia jogoo wa ng'ambo. Mama alikuwa kule. Baba alikufa zamani, na mama hakuwa na mtoto mwingine.

Mashua ilikuwa imejaa watu na vikapu. Nikatia mguu wa kwanza. Nikatazama ukingo, nikayaona maji, na kile kiwiko changu kikaanza kutetemeka peke yake, mimi nakitazama kama kiwiko cha mtu mwingine. Nilisikia kiu ya kufa. Nikatoa mguu.

"Kidonda," nilimwambia mtoto wa mjomba. "Daktari kanikataza maji ya chumvi. Mwambie mama ntakuja wiki ijayo."

Ningemwambia nini? Watumbatu hujulikana pwani yote hii kwa bahari. Kwetu mtoto hupiga kasia kabla hajajua kufunga kikoi chake vizuri. Mtumbatu anayeogopa mashua ni kichekesho cha kusimuliwa mpaka Pemba, na mimi nilikuwa nimeshachekesha vya kutosha kwa kurudi baada ya wali wangu kuliwa.

Ile wiki ijayo ikawa miaka. Nilipanga chumba Malindi, ghorofani kwa bibi mmoja wa Kingazija, mjane, mkali wa ulimi na mwepesi wa kutoa. Nikapata kazi ya utarishi kwa mfanyabiashara wa karafuu. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea: barua ya Shangani, jibu la Mkunazini, mzigo mdogo wa Hurumzi, rudi ofisini, toka tena. Nikichechemea hivyo hivyo nilikuwa mwepesi kuliko tarishi mwenye vidole vyote. Tajiri wangu aliniona hodari, kumbe mimi nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa, kifua kinajaa. Watu wamejipanga barazani jioni wanaongea, mimi nimesimama na kikombe cha kahawa mkononi, nahama mguu huu kwenda mguu huu. "Kaa basi, bwana, unatuchosha," waliniambia. Niliwajibu kwamba kukaa kwao ndiko kunakonichosha mimi. Mwaka mji ulipopambwa bendera kwa kutawazwa malkia wa Waingereza, watu walikwenda kutazama taa. Mimi nilipita chini ya zile taa huku na huku mpaka askari mmoja akaniuliza nimepoteza nini.

Na maji. Sikuweza kukaa pasipo maji ya kunywa niliyoyaona kwa macho yangu. Chumbani kwangu kulikuwa na mtungi, ndoo, birika na chupa, vyote vimejaa, vyote vimefunikwa. Nikitoka nachukua chupa, nimeifunga kwa kitambaa, iko kwapani. Wenye maduka wa Malindi walinipa jina kwa ajili ya chupa ile, na jina hilo silitaji hapa.

"Hivi wewe unangoja harusi?" bibi mwenye nyumba aliniuliza siku alipoingia kufagia. "Maji yote haya ya nani?"

"Yangu, bibi."

"Mfereji upo chini hapo, hautoroki. Na hiyo miguu yako! Unanitwangia dari mchana kutwa. Kama huna la kufanya niambie nkupe mpunga, utwange kwa faida."

Nilimpenda kwa sababu hakunihurumia. Kidonda cha kisigino kilipofunguka masika, na kilifunguka kila masika, ni yeye aliyekikanda kwa maji ya moto na majani ya mwarobaini, akinitukana kwa kuchafua kanga zake. Daktari wa hospitali aliniambia nipumzike. Nikamuuliza vipi. Akanitazama, akaandika dawa.

Kila nilipopata siku ya mapumziko nilikwenda Mkokotoni. Nilikuwa nanunua sukari, sabuni na doti ya kanga, napanda gari nimeazimia kuwa leo ndiyo leo. Nikifika pwani nasimama. Nawatazama akina mama wa kwetu wanavyokuja na mashua kuteka maji, maana Tumbatu maji matamu yalikuwa shida, na mengi ya kunywa tuliyafuata ng'ambo ile. Wanajaza mitungi na madebe, wanapakia, wanaondoka. Nami natoa sukari yangu na kanga zangu, nampa mtoto wa mjomba, nasema kidonda, nasema tajiri ananihitaji, nasema mvua. Halafu nasimama tena kuitazama ile minazi mpaka gari la kurudi linapiga honi. Mama alinirudishia papa mkavu na muhogo. Salamu zake zilikuwa fupi, na kila mwaka zilizidi kuwa fupi.

"Anasemaje?" nilikuwa nikimuuliza mtoto wa mjomba.

"Anasema nyumba unaijua."

Basi nami nikapandwa na hasira. Nilikuwa nimefika Bombay na kurudi kwa vidole pungufu, na yeye hawezi kuvuka mkondo aje kunitazama! Alizoea kwenda Mkokotoni kuteka maji tangu ni msichana. Nilisahau kabisa, au nilijisahaulisha, kwamba miguu yake ilikuwa imeanza kumvimba na kwamba mwenye deni la kwenda ni mtoto.

Kisha likaja furushi. Mtoto wa mjomba alipanda ngazi za Malindi nalo mgongoni, akaliweka juu ya kitanda, akasema, "Mama yako kakutumia," akaondoka haraka, hakunywa hata maji niliyomtilia. Nikafungua. Zilikuwa nguo zangu za ujana. Kanzu aliyoitia darizi shingoni kwa mkono wake mwenyewe, sasa ina doa la manjano kifuani na kiraka mgongoni. Vikoi, vimefifia. Koti lenye vifungo vya mtu mwingine. Na kofia yangu ya viua, iliyotanuka, maana mtu aliyepewa alikuwa na kichwa kikubwa kuliko changu. Nikaijaribu ikanishukia masikioni.

Nilikaa. Safari ile nilikaa kweli, kitandani, nguo zimenizunguka. Kwetu mtu akikutolea vyako vyote nje vikiwa vimefungwa furushi, maana yake ni moja, usirudi. Hivyo ndivyo mwanamume anavyomrudisha mke, na hivyo ndivyo mama anavyomtoa mtoto aliyemshinda. Nikasema, haya, yamekwisha. Nilizisukuma chini ya kitanda na nikaacha kwenda Mkokotoni. Kiangazi kikapita, vuli ikapita. Nilikuwa natembea zaidi. Nilikuwa nikimaliza barua za tajiri natembea mpaka Kiembe Samaki na kurudi, bila shughuli yoyote kule, na nikirudi bibi ananitazama kisigino anatikisa kichwa.

Siku moja nilikutana na mtoto wa mjomba bandarini, na nikampita bila kumsalimia. Akanishika mkono.

"Nimekukosea nini hata mimi unanipita?"

"Wewe ndo ulobeba furushi."

"Nlibeba, ndiyo. Unajua zilivyopatikana zile nguo?"

Nikamwambia sijui, na sitaki kujua. Akanieleza hivyo hivyo, kwa sauti kubwa, mahamali wanatusikiliza. Mama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, Tumbatu nzima, na miguu yake ile iliyovimba, akidai nguo zangu. Watu walipigwa na butwaa. Sadaka haidaiwi. Mwenye kanzu alisema ameivaa Idi zote hizo, ataitoaje? Shehe mwenyewe akaja kumsihi, akamwambia, "Mama, sadaka ya maiti hairudi." Naye akamjibu, "Maiti yuko wapi? Nionyeshe nami nitanyamaza." Akakaa kizingitini kwa mwenye kofia mpaka yule bwana akaivua kichwani akampa. Nguo ambazo zilikuwa zimeshachanika alizishona yeye, kwa macho yake yale.

"Lakini kwa nini?" nilimuuliza.

"Kwa sababu umenuna! Kwani huwaulizi watu wote kama waliula wali wako? Maneno yanavuka bahari, bwana, hata kama wewe huvuki. Anajua unakuja mpaka pwani, unatutazama, unarudi. Akasema, mwanangu kanikasirikia kwa kumuua kabla ya siku yake. Akasema, ntamrudishia kila kitu, ntaifuta ile hitima kipande kipande, labda atakuja. Na hukuja. Miezi hii yote hukuja. Sasa kalala, hainuki, pumzi inambana. Sijui kama ataiona Ramadhani."

Nilirudi chumbani nikalivuta furushi, nikaivaa ile kofia kubwa nikaitia kitambaa ndani ili isishuke. Bibi mwenye nyumba alinikuta ngazini. "Unakwenda wapi mbio mbio?" Nikamwambia nnakwenda kwa mama. Akasema, "Alhamdulillahi, dari yangu itapumzika," kisha akanikimbilia na mkate wa ufuta umefungwa kwenye kitambaa, akanitilia mkononi.

Mkokotoni alasiri mashua ilikuwa tayari. Mtoto wa mjomba alinishika mkono huu, mtu mwingine mkono huu. Niliingia. Nilikaa juu ya ubao, chupa yangu kifuani, nikafumba macho. Wakaisukuma kwa upondo, mashua ikaelea, na maji yakagonga ubavu wa mbao, kule kugonga kidogo kidogo ambako msomaji asiyewahi kukusikia siku baada ya siku hawezi kujua kuna nini ndani yake. Nikamsikia kijana wa Lamu. Alikuwa kando yangu, ananiambia nionje. Nilijitupa nje. Maji yalikuwa ya magotini tu, mashua haijakwenda popote, na pwani nzima ilikuwa inatazama: wanawake na mitungi yao, wauza samaki, abiria wa gari la shamba. Nilitoka majini nikitambaa, nimeikumbatia chupa. Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka.

Mtoto wa mjomba alinitazama, nami nikamtazama. "Kumbe," alisema, akashika upondo wake akaondoka na abiria wake.

Sikurudi mjini. Nilijilaza kwenye kibanda cha muuza kahawa pale pwani, na sitaki kusema nilivyolala. Nilikuwa nimeshika hesabu moja tu kichwani: mama anakufa kule, nami nauona moshi wake.

Asubuhi mashua ya maji ilikuja mapema kuliko kawaida. Wanawake waliteremka na mitungi na madebe yao kama siku zote, lakini mmoja hakuteremka. Alikuwa amekaa chini, katikati ya mashua, ameegemezwa kwenye gunia, amejifunika kanga mbili. Nilimjua kwa namna alivyoinua kidevu. Niliingia majini mpaka mapajani nikasimama mbali kidogo, nikashindwa kusogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama kofia, akanitazama mguu, akanitazama chupa. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi. "Sogea, sina sauti ya kupigia kelele."

"Nikusaidie kushuka?"

"Sikuja kushuka. Nimekuja kukuchukua."

Nikaanza kusema habari ya kidonda. Akainua mkono.

"Nambie kweli. Kule mlikosa maji?"

Nikasema, naam, mama.

"Mtoto wa mjomba'ko huyu," akamwonyesha mtoto wa mjomba, ambaye alikuwa ameshika kasia na macho mekundu, "kaja jana kanambia umetambaa na chupa ya maji. Miaka yote hii hakunambia habari ya chupa, kaona haina maana. Mtu alonuna hendi pwani na chupa ya maji, mwanangu. Nilikuwa nadhani umenikasirikia. Kumbe unaogopa." Alisema neno lile kama anavyosema mtu *kumbe una homa*. "Basi nimekuja na chombo cha maji. Watajaza kila kitu. Ukiingia humu utakaa katikati ya maji matamu, mengi kuliko utakayoweza kunywa, na kama hayatoshi tutarudi tuteke mengine. Nimo mimi humu. Utaogopa nini tena?"

Wanawake walirudi na mitungi. Sijawahi kuona mashua ikipakiwa kwa uangalifu ule: mitungi ukingoni pande zote mbili, madebe mbele na nyuma, na pengo katikati penye mama. Yale maji ya bahari yakafichika nyuma ya mitungi. Niliingia. Mama akapiga paja lake, nami, mtu mzima niliyeota mvi za kwanza, nikalaza kichwa pale. Akanifunika kanga kuanzia kichwani mpaka miguuni. Ndani ya kanga mlikuwa na harufu ya udi na ya dawa ya kuchua.

Mashua ikasukumwa. Maji yakagonga ubavu. Nilitetemeka, meno yakagongana, na nadhani nililia kwa sauti, sioni aibu kulisema. Yeye alikuwa anainua pembe ya kanga, anachota kwa kata kwenye mtungi, ananinywesha. "Kunywa."

"Nshakunywa, mama."

"Kunywa tena."

Serahangi alinigawia kwa mfuniko. Mama alinimwagia mpaka yakaingia puani, yakanilowesha kifua, na wanawake wakapiga kasia bila kusema neno, wale ambao siku nyingine wakivuka husikika mpaka ng'ambo.

Ukimya ule ndio uliotuponza. Watu wa Tumbatu pwani waliiona mashua inakuja kimya kimya, imebeba mtu aliyelala, amefunikwa gubigubi. Nikasikia sauti za *Inna lillahi*, nikasikia watu wanakimbia, mwanamke mmoja akapiga ukemi. Walidhani mama amenikuta nimekufa Mkokotoni, na sasa ndiyo naletwa kuzikwa kweli. Nikajifunua nikakaa kitako. Wa mbele walirudi nyuma wakakanyagana.

"Nyamazeni!" mama alifoka, na filimbi ya pumzi yake ikafoka pamoja naye. "Huyu mshamlilia. Na wali wake mshaula. Mnataka nini tena?"

Jitu moja lenye kichwa kikubwa likasema kutoka nyuma, kwa huzuni ya kweli, "Ile kofia ilinikaa vizuri sana." Hapo ndipo watu walipocheka, nami nikacheka nao, miguu yangu ikiwa kwenye mchanga wa kwetu.

Mchana ule walipika. Mjomba alitoa mbuzi mwingine, akalalamika kwamba nimemmalizia zizi. Mama alikaa mlangoni ameegemea mto, mimi nimekaa mkekani mbele yake. Nasema nimekaa, na nilikaa kutwa. Sinia likaletwa, wali wa nazi unatoa moshi. Nikamtania kama nilivyowatania wote, maana ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Na wewe, mama? Uliula wali wangu?"

Hakucheka. Alitazama sinia.

"Niliupika," alisema. "Niliupika mimi mwenyewe, mchuzi ukanizidi chumvi. Wakala wote. Mimi sikuula. Nilisema, hawa waacheni wamalize, mimi ntakula akija."

Akanyoosha mikono. Nikachukua kata nikamnawisha, akasema Bismillahi, akaanza kula.